Wakufunzi wanne kwa mwaka mmoja: niliyojifunza nikiongoza chuo cha uuguzi

Barua ya nne niliipokea mkononi, siku ya Jumatatu, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Aliyeileta alikuwa mkufunzi wa ukunga, mwanamke niliyemtegemea kuliko wote. "Shikamoo mama," akasema, akaketi, akaweka bahasha mezani na kuisogeza kwangu taratibu. Nikamuuliza kama anaomba ruhusa.

"Hapana mama. Nimekuja kuaga."

Ilikuwa Juni 2021. Tangu Julai ya mwaka uliotangulia walikuwa wameshaondoka watatu. Tulikuwa na wakufunzi saba wa uuguzi kwa wanafunzi zaidi ya 200. Sasa wamebaki watatu, na mimi mkuu wa chuo wa nne. Alipotoka nilifunga mlango nikalia. Nililia kwa hasira, nikijiona nimesalitiwa. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba hasira ile ilinizuia kusikia walichokuwa wananiambia wote wanne.

Chuo chetu ni cha kanisa, kipo katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, kando ya hospitali ya kanisa hilohilo. Tunafundisha stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Mimi mwenyewe nilikuwa muuguzi wa wodini miaka kumi na minne kabla ya kuingia darasani, na nilipewa ukuu wa chuo mwaka 2018 bila kufundishwa hata siku moja namna ya kuongoza watu. Naandika haya kwa wenzangu walio katika vyuo kama chetu, vilivyo mbali na Dar es Salaam, Mwanza na Moshi, ambako mkufunzi akiondoka nafasi yake hukaa wazi hata muhula mzima.

Kwa asiyeijua kazi hii, kwanza nieleze. Mwalimu wa sekondari akimaliza kipindi, amemaliza. Mkufunzi wa uuguzi akitoka darasani anaingia chumba cha vitendo, anasimama na wanafunzi kumi na wawili kwenye mdoli mmoja, kila mmoja ajaribu kuweka katheta, mpira wa kutolea mkojo, huku yeye akitazama mikono yao. Kesho yake yuko wodini na wanafunzi walewale, na huko mgonjwa ni mtu wa kweli. Asipokwenda, wanafunzi wanageuka watumwa wa wodi: kupeleka sampuli maabara, kusukuma machela, kufuata dawa dirishani. Wanamaliza wiki sita bila kufunga kidonda hata kimoja mbele ya mtu anayejua. Nimeyaona hayo chuoni kwangu, katika mwaka ninaousimulia, na waliohitimu mwaka ule bado nawafikiria.

Yote yalianzia kwenye corona. Serikali ilifunga shule na vyuo Machi 2020, na vyuo vikafunguliwa tena Juni mosi. Miezi ile wanafunzi walikuwa nyumbani na ada hazikuingia. Chuo kama chetu kinaishi kwa ada. Mishahara ya Aprili ikachelewa, ya Mei ikalipwa nusu, na nusu ya pili ikaja Agosti. Hilo lingeweza kueleweka, maana kila mtu aliona hali ilivyo. Kosa langu ni kwamba nilikaa kimya. Sikuwaita wakufunzi, sikuwaonyesha hesabu, sikuwaambia fedha zinategemewa lini. Niliona aibu. Nilidhani nikinyamaza nitawatunzia matumaini, kumbe nilikuwa nawaachia nafasi ya kusikia uvumi sokoni kwamba chuo kinafungwa.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limeutangaza kuwa Mwaka wa Muuguzi na Mkunga, miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale, na ripoti ya shirika hilo ya Aprili ilisema dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9. Niliibandika habari hiyo ubaoni vyuo vilipofunguliwa. Wanafunzi walifurahi, wakasema ajira zipo. Sikujiuliza ni nani atawafundisha hao milioni.

Wa kwanza kuondoka alikwenda kwenye zahanati binafsi mjini Mbeya. Wa pili alimfuata mumewe aliyehamishiwa Dodoma. Wa tatu na wa nne walipata ajira serikalini, nafasi za kada za afya zilipotangazwa 2021. Kwa nje ilionekana kila mmoja ana sababu yake, na bodi ya chuo ilipouliza nilijibu kwa urahisi: serikali inatunyang'anya watu, hatuwezi kushindana nayo. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mtumishi wa serikali anakopesheka benki, ana uhakika wa kazi, na haogopi ada zisipoingia. Lakini nilikuwa nalitumia kama blanketi la kujifunika.

Tukatangaza nafasi. Tangazo la kwanza lilikaa kwenye mbao za makanisa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wauguzi. Maombi yalikuja mengi kutoka kwa vijana waliomaliza chuo juzi, wasiowahi kushika zamu ya usiku peke yao. Wenye shahada na uzoefu walikuwa wawili. Mmoja tulimlipia nauli na malazi aje kwenye usaili, akatupongeza kwa mandhari, hakurudi. Wa pili tukamwajiri kwa furaha nikamkabidhi mzigo wote wa aliyeondoka: vipindi 26 kwa wiki, uratibu wa mitihani ya vitendo, na usimamizi wa wodi mbili. Sikumpa hata wiki moja ya kuzoea. Wiki ya sita alinitumia ujumbe wa simu saa nne usiku kwamba amepata dharura ya kifamilia. Kitanda na meza tulivyomnunulia viliachwa ndani ya nyumba, funguo akamwachia mlinzi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nilisubiri hasira ipoe, nikawapigia simu wale wanne, mmoja mmoja, jioni baada ya kazi. Niliwaambia siwapigii kuwaomba warudi. Naomba waniambie ukweli, na sitajitetea. Ilikuwa vigumu kutojitetea. Mara mbili nilifunika simu kwa kiganja ili pumzi yangu isisikike.

Nilitegemea kusikia mshahara, na mshahara ulitajwa. Lakini haukutajwa kwanza na hata mmoja wao. Yule wa zahanati alisema: "Mama, mimi ni muuguzi. Nilikaa kwako miaka mitatu sikuwahi kupokea mgonjwa wangu. Nilianza kuogopa kushika sindano." Aliogopa kwamba akibaki miaka mingine miwili hataajirika popote pengine. Aliyekwenda Dodoma alisema mumewe alikuwa tayari kusubiri, ila tuliposhindwa kumpa hata likizo ya siku nne kwenda kutazama nyumba, alijua la kufanya. Wa tatu alikumbuka siku niliyomkaripia mbele ya wanafunzi kwa kuchelewesha matokeo. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa.

Yule wa ukunga alikaa kimya sana kabla ya kusema. Alisema kwamba alipokuwa wodini alipata posho ya kuitwa usiku, na siku za mapumziko alifanya kazi kwenye kliniki ya mtu. Alipohamia chuoni vyote viwili vilikatika, maana siku zake zote zilijaa na jioni alisahihisha. Kwa hiyo alipopandishwa kuwa mwalimu, fedha zake zilishuka. "Nilivumilia kwa sababu napenda kufundisha. Lakini hakuna aliyewahi kunitamkia kwamba anajua nimepunguziwa."

Nilikata simu nikaandika maneno hayo kwenye daftari. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mitatu bila kuijua hesabu hiyo.

Mkuu wa chuo mwenye nafasi wazi, fanya simu hizo kabla ya kuandika tangazo. Subiri miezi mitatu au minne, mtu akishatulia kwenye kazi mpya na haogopi tena barua ya utambulisho kutoka kwako. Siku ya kuaga hatakuambia ukweli, atakuambia familia.

Miezi miwili baadaye nilikuwa wodi ya wazazi kutafuta wanafunzi wangu, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuwafuata. Nikawakuta wanne wamemzunguka muuguzi mmoja wa zamu, dada wa makamo, mpole wa sauti. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mama mjamzito, ameweka mkono wa mwanafunzi juu ya tumbo, na mkono wake juu ya ule wa mwanafunzi. "Usibonyeze. Tulia hapo. Subiri mtoto akuambie mgongo uko wapi." Kisha akampa fetoskopu, kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akamwacha atafute mapigo mwenyewe, akangoja. Wodi ilikuwa imejaa na alikuwa na kazi nyingi, lakini alingoja. Mwanafunzi aliposikia mapigo alimtazama yule mama na wote wawili wakacheka.

Nilisimama mlangoni nikijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kutafuta mwalimu kwenye matangazo, na mwalimu alikuwa umbali wa mita mia mbili, anafundisha bure.

Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu tulio nao leo. Sasa hatuanzi na tangazo, tunaanza na wodi. Nawauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu swali moja kwenye karatasi isiyo na jina: ni muuguzi gani wa hospitali aliyekufundisha jambo ambalo hutalisahau? Majina yaleyale hurudi. Halafu naenda kuwatazama.

Kumpata yule dada hakukuwa rahisi. Nilikwenda kwa matroni wa hospitali, mkuu wa wauguzi, nikiwa na barua nzuri, akaisoma akaiweka chini. "Mwalimu, unaniibia mtu wangu bora halafu unataka nikusainie?" Alikuwa na haki. Wodi yake nayo ilikuwa na upungufu, na chuo kilikuwa na tabia ya kuchukua bila kurudisha. Tulizungumza mara tatu. Tulichokubaliana ni kwamba yule dada abaki mwajiriwa wa hospitali, afundishe chuoni siku mbili kwa wiki na chuo kimlipe kwa siku hizo. Na kila mkufunzi wangu afanye kazi wodini siku ya Alhamisi, kazi ya kweli yenye wagonjwa wake, aandikwe kwenye ratiba ya zamu kama muuguzi mwingine yeyote. Matroni alipata mikono, mimi nikapata mwalimu, na wakufunzi wakarudishiwa kile ambacho yule wa zahanati alisema amekipoteza.

Gharama yake sitaificha. Alhamisi darasa halina kipindi cha uuguzi, kwa hiyo ratiba nzima ilibidi ipangwe upya, masomo kama mawasiliano na kompyuta yakasogezwa siku hiyo. Mkufunzi mmoja mzee alikataa kabisa mwanzoni. Aliona kurudi wodini ni kushushwa cheo. Sikumlazimisha. Muhula wa pili alianza kwenda mwenyewe, saa mbili tu, wodi ya watoto. Na bodi iliniuliza kwa nini nawalipa watu mshahara wa chuo wakafanye kazi ya hospitali. Niliwapelekea hesabu ya kuajiri yule wa wiki sita: nauli, malazi, samani, na muhula mmoja wa wanafunzi waliokosa somo. Hawakuuliza tena.

Siku ya kwanza ya yule dada darasani ilikuwa mbaya. Watu 70 mbele yake, projekta, kimya. Yule aliyefundisha kwa mkono wodini alisoma slaidi kwa sauti ya kutetemeka dakika arobaini, akatoka, akaniambia, "Mama, mimi si mwalimu. Nirudishe wodini." Mwaka mmoja nyuma ningemwambia ajikaze, ajira ni ajira. Safari hii nilikuwa nimejifunza kitu. Nilimwondolea darasa kubwa kwa muhula mzima. Akaanza na makundi ya watu kumi kwenye chumba cha vitendo, na mara moja kwa wiki alikaa nyuma ya darasa la mwenzake akiangalia tu, bila kazi nyingine. Muhula uliofuata walifundisha wawili kipindi kimoja. Leo anafundisha patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, bila slaidi hata moja, kwa chaki na chati ya mama halisi aliyefutwa jina.

Kujua uuguzi na kujua kufundisha uuguzi ni vitu viwili, na sisi wauguzi tumezoea kudhani kimoja kinaleta kingine. Hapa nchini kuna CEDHA ya Arusha, ambayo kazi yake hasa ni kuwaandaa walimu wa vyuo vya afya, na vyuo vikuu vya afya navyo vinatoa shahada za juu za uuguzi. Mpelekeni mtu. Lakini msingoje arudi na cheti ndipo mumsaidie. Mwaka wa kwanza ndio unaoamua kama atabaki.

Na hapa nilikosea tena, vibaya. Mkufunzi wetu kijana alipopata nafasi ya kusoma, chuo kililipa ada, na mimi niliandika mkataba wa kumfunga miaka mitano baada ya kurudi, kwa masomo ya mwaka mmoja. Nilikuwa na hofu ya kuachwa tena. Alisaini kwa sababu hakuwa na njia. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, anahesabu miezi. Mwaka wa pili aliondoka kwa ugomvi, barua za madai zikaenda na kurudi, na hadi leo sehemu ya fedha hatujaipata. Zaidi ya fedha, wenzake wote waliona. Kwa mwaka mzima hakuna aliyeomba kwenda kusoma. Tuliubadilisha mkataba huo: sasa muda wa kutumikia unalingana na muda wa masomo, na anayetaka kuondoka mapema anajua tangu siku ya kusaini ni kiasi gani atarudisha kwa kila mwezi uliobaki.

Kuhusu mshahara, hatuwezi kulingana na serikali na nimeacha kujifanya tunaweza. Kwenye usaili sasa nachukua karatasi, tunapiga hesabu pamoja na mwombaji mpaka kwenye kile kitakachobaki mkononi. Kodi, NSSF, bima, na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kijana mmoja aliishia kucheka kwa mshtuko, kwa sababu alikuwa amesahau kabisa makato ya mkopo. Alikataa kazi palepale. Nilimshukuru kwa dhati, maana angekuja angeondoka baada ya miezi mitatu. Wengine waliona karatasi ileile wakakubali, na hao wapo.

Tarehe ya kulipa nayo nimeishikilia kuliko kiwango. Fedha za mishahara zinatengwa mwanzo wa muhula ada zinapoingia, kabla ya rangi, kabla ya matengenezo ya gari. Na ikitokea zinachelewa, naita kikao kabla ya tarehe, nawaonyesha kitabu. Imetokea mara moja tangu 2022. Hakuna aliyefurahi, lakini hakuna aliyeondoka.

Jambo lingine dogo kwa maandishi, kubwa kwa maisha: mwenza. Mji wetu hauna ajira nyingi. Mkufunzi akiwa na mume au mke mwenye taaluma, siku zake zimehesabika usipojihangaisha. Sasa nauliza mapema, kwa heshima, na napiga simu: hospitali, shule za jirani, halmashauri. Si kila mara napata. Mke wa mkufunzi wetu wa magonjwa ya upasuaji ni mwalimu wa hisabati, na shule ya sekondari ya jirani ilimpokea kwa mikono miwili. Wana nyumba, bustani ya kabichi, na mtoto wa pili njiani.

Wapo walioondoka hata baada ya mabadiliko haya, wawili, na wote walikwenda serikalini. Niliwaandikia barua nzuri za utambulisho na tukawaaga kwa chakula. Mmoja wao hutufundishia kwa njia ya simu pale mada yake inapofika, na amenitumia jina la muuguzi mwenzake anayependa kufundisha. Miaka ile ya hasira nisingelipata jina hilo.

Tuna wakufunzi wanane sasa. Anayekosekana ni wa afya ya akili, na hili gumu hasa, kwa sababu hospitali yetu haina wodi hiyo, kwa hiyo siwezi kutembea mita mia mbili nikamtazame mtu. Wanafunzi wetu huenda kwa mafunzo hayo katika hospitali nyingine, saa nne kwa basi. Waliorudi mwezi uliopita niliwapa ile karatasi isiyo na jina. Jina moja limejitokeza mara kumi na moja. Nimeshamwandikia matroni wa huko kuomba ruhusa ya kukaa wodini kwake siku mbili, na safari hii, kabla sijamuuliza lolote kuhusu mtu wake, nitamuuliza yeye anahitaji nini kutoka kwetu.